Ombi la Kufutwa kwa Siku ya Kusimama

Kwa Mheshimiwa Shangazi Mkubwa,
Msimamizi wa Sikukuu zote za Ukoo.

Shikamoo. Natumaini miguu yako imeshapumzika tangu mwaka jana.

Ni mimi mwanao kinyozi, mwenye mkono mwepesi kuliko vinyozi wote wa barabara hii (waulize vichwa vyenyewe). Shule niliiacha mapema ili na wenzangu wapate nafasi ya kuwa wa kwanza. Kwa heshima na taadhima, naomba Siku ya Kusimama ifutwe kabla ya Jumamosi. Sababu zangu hizi hapa:

1. Asili yake ni aibu. Tumekuzwa tukiambiwa siku hiyo hakuna wa ukoo huu kukaa kitini, kwa kumheshimu marehemu Babu. Nikamuuliza Bibi, mjane wake halali. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Heshima gani, mjukuu wangu? Babu yako alipaka viti rangi aliyoichanganya na mafuta ya kupikia. Ikagoma kukauka. Wageni wakabisha hodi, akawaambia leo kwetu hatukai." Basi! Wageni wakadhani ni mila, na mwaka uliofuata wakarudi kusimama.

2. Kidole. Kila mwaka Baba Mkubwa anagusa kiti kwa kidole, anakinusa, anafumba macho na kutamka, "Bado!" Nasi tunaitika, "Tunasubiri!" Shangazi, Babu alikuwa anaangalia kama rangi imekauka! Tunasubiri nini? Viti vyenyewe siku hizi ni vya plastiki.

3. Mimi mwaka mzima nasimama nyuma ya vichwa vya watu. Nyinyi mnasimama sikukuu, mimi nasimama kama niko kazini, tena bila hata kichwa cha kunyoa.

4. Kama kila mkosi wa Babu ni mila, basi tuwe wakweli. Aliwahi kuanguka kwenye ngazi akiwa na ndoo: tupange foleni tuanguke, tukianzia na mkubwa, yaani wewe. Aliwahi kujifungia chooni mpaka fundi akaja kung'oa mlango: tuingie ukoo mzima, na fundi awe mgeni rasmi.

5. Hili ndilo linaloniuma. Jumamosi hiyohiyo wazazi wa mchumba wangu wanakuja kunitazama. Baba yake ni dereva wa lori, mtu mzito, hacheki hovyo. Nimwingize sebuleni penye viti vitupu halafu nimkataze kukaa? Ataondoka na binti yake, nami nitabaki kapera mpaka nywele za kunyoa ziishe duniani. Nilimweleza Baba Mkubwa, akanijibu, "Wewe shughulika na nywele, mila tuachie sisi."

Mkinikatalia, nitaanzisha tawi langu la ukoo, la Wanaokaa, na sofa nitaondoka nayo.

Kalamu naiweka chini kwa adabu. Nisalimie watoto wote, jirani yako mwenye kelele, na Baba Mkubwa pamoja na kidole chake.

Mwanao mtiifu, isipokuwa kwa hili,
Kinyozi wa Kona.

Nyongeza: Shangazi, barua ilikosa bahasha na Jumamosi imeshapita. Mzee wa lori aliingia, akaambiwa hakuna kukaa, akavitazama viti kimoja kimoja. Nikaanza kuutafuta mlango kwa macho. Mara akanyoosha mgongo mpaka ukalia ko! "Mwaka mzima niko kwenye usukani," akasema, "na kila nyumba ninayoingia ni kaa, kaa, kaa! Hawa sasa ndio watu!" Baba Mkubwa aliposema "Bado!" yeye aliitika kutushinda sote. Binti nimepewa, kwa sharti kwamba harusi ifanyike Siku ya Kusimama na mgusa kiti niwe mimi. Kwa hiyo naomba mila hii isiguswe hata kidogo, ila iongezwe iwe siku mbili. Aliniuliza pia asili yake. Akikuuliza na wewe, Babu alikuwa jenerali, alilinda daraja usiku kucha bila kukaa, na wewe ndiye uliyemshikia tochi.