Hii Damu ni ya Nani?

Jamani, leo nimeumbuliwa na kompyuta. Nawaandikia mwenyewe kabla shemeji yangu Lomayani hajawafikia, maana akisimulia yeye, atajitoa kwenye kesi.

Mnajua nilikotoka. Julius wa duka la dawa pale Kaloleni (namtaja, sina cha kuficha) aliniuzia dawa ya kikohozi chupa kwa chupa, huku nabeba magunia na kukonda mpaka suruali nafunga kwa kamba. "Ni vumbi tu, mzee." Vumbi! Ilikuwa TB. Nimemeza vidonge miezi sita, na bado nipo. Lakini Nembris, mke wa mwanangu, alisema simshiki mjukuu mpaka nilete karatasi ya hospitali. Mtoto anabatizwa Jumapili hii. Mpaka leo nimemwona kwa mbali tu, kama watu wanavyomwona rais anapopita.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kipimo cha mwisho. Nikaapa: karatasi naipata leo, hata kwa kulala mlangoni.

Asubuhi nikapitia kwa Lomayani, Ngaramtoni. Ana bucha. Nikamkuta nyuma ya nyumba anachinja mbuzi. Akakinga damu ya moto kwenye kibuyu, akamimina maziwa, akatikisa.

"Kunywa, shemeji. Utakwenda kupimwa na sura hiyo ya mgonjwa?"

"Wamesema nisukutue kinywa kwa maji kabla ya kutoa makohozi."

"Maji! Unywe nguvu halafu uiteme? Hao watoto wamesoma vitabu, hawajasoma mbuzi."

Nikaona ana akili. (Shule niliishia la tatu, na hata huko nilikuwa nachunga zaidi ya kusoma.) Nikaigugumia yote. Sikusukutua.

Maabara nikafika wa kwanza. Binti wa pale, barakoa mpaka machoni, akanipokea vizuri.

"Shikamoo baba. Umesukutua kinywa?"

"Marahaba. Nimesukutua." (Mungu ananisikia, najua.)

Nikapewa kikopo, nikatoka nje penye upepo, nikakohoa kwa moyo wote. Nikarudi nimekishika juu kama kombe la mpira.

Binti akakitazama. "Baba, hii ni damu."

Benchi zima lilihama! Mama mmoja aliacha ndala zake pale pale. Nikapelekwa uani, nikakalishwa peke yangu na barakoa, kila anayepita anapita mbali. Na nawaapia, yule mbuzi hakunijia akilini kabisa. Kwangu mimi kilichonywewa kimekwenda tumboni. Kitafute nini kwenye kohozi?

Nikajua imerudi. Nikashika simu, nikatuma sauti kwenye kundi la ukoo: "TB imerudi. Nembris alikuwa na haki, mtoto asiletwe karibu yangu. Migomba ni ya mwanangu. Na Julius asikanyage msibani kwangu. Akija asipewe pilau. Akiwa ameshapewa, anyang'anywe."

Nikakaa. Halafu nikasema hapana. Nilishawahi kuambiwa vumbi nikakubali. Safari hii siambiwi kitu, naona kwa macho yangu. Nikaenda nikagonga dirisha la maabara.

"Binti! Nionyeshe."

"Baba, rudi ukae."

"Sikai. Nionyeshe."

Akanitazama, akageuza kioo cha kompyuta kuelekea dirishani. Wana darubini mpya iliyounganishwa na kompyuta, na alikuwa ameiwekea tone la ile nyekundu yangu. Nikaona vidude vya mviringo vimejaa, kama dengu zilizomwagika. Mara kompyuta yenyewe, hakuna aliyeigusa, ikaanza kukizungushia kila kidude pete yake. Hata vilivyobanana ilivitenganisha, kama mchungaji anayetenganisha mifugo ya watu wawili.

"Ndiyo wadudu wenyewe?"

"Hapana baba, hizo ni seli za damu. Mashine inaitafuta moja moja, inaizungushia, inapima ukubwa wake." Akasogea karibu na kioo. Akamwita mwenzake. "Hebu njoo uone hizi."

Mwenzake akaja. "Mbona ndogo hivi?"

Wakafungua picha nyingine, ya damu ya mtu, wakaiweka pembeni ya yangu. Zile kubwa, zimenona. Zangu hazifiki nusu!

"Nimekonda mpaka seli?" nikauliza.

Binti akasogea dirishani, akashusha sauti. "Baba, naomba nikuulize, sikuvunjii heshima. Hii damu ni ya nani?"

Hapo ndipo mbuzi aliponijia akilini. Mbuzi, kibuyu na Lomayani, wote kwa pamoja.

"Ni ya mbuzi."

"Sikusikii baba, toa sauti."

"YA MBUZI!"

Kisha yule mama wa ndala: "Mzee wa watu kakohoa mbuzi!" Benchi likajaa tena, safari hii hata pa kukaa hapakuwepo. Binti hakunicheka. (Alitoka kwanza chumba cha pili, nikausikia ukuta unacheka.)

Nikaletewa maji. Nikasukutua mpaka mashavu yakauma, na yeye amenisimamia kama mtoto wa chekechea. Nikakohoa upya. Nikasubiri pale pale, sikwenda hata kula, vicheko navisikia na sijibu. Saa nane akanijia na karatasi.

"Hakuna vimelea, baba. Umepona."

Nimeiweka mfuko wa ndani, naipapasa kila hatua.

Shida ikawa simu. Sauti yangu ilishasikilizwa na ukoo mzima, shangazi alishaanza kulia. Ikabidi nieleze. Lomayani akajibu kwa sauti moja tu: "Meee!" Nembris naye kaandika: "Baba, Jumapili utambeba mwenyewe mpaka mbele ya mchungaji. Ila sukutua kwanza."

Basi mkinikuta kanisani, kucheka ruksa. Kulia kama mbuzi ndiyo siruhusu, kwa sababu na mimi nitacheka, na mtoto niliyemsubiri hivi sitaki aniponyoke.