Barabara ya Mzee Fanueli

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Mbozi.

Kozi imeanza. Tunafundishwa kupanga nchi: kahawa ikae wapi, malisho yawe wapi, chemchemi zilindwe vipi, barabara ipite wapi. Mwalimu Mika ametugawa kwa meza, watu watatu ramani moja, na meza yetu imepewa bonde moja huko Igamba. Anasema hapa hakuna kazi ya mtu mmoja. Msiba! Mwenzangu wa kwanza ni Lwitiko, ambaye hupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai. Wa pili ni Loisi wa maendeleo ya akina mama, mwenye kucheka kabla mtu hajamaliza kusema. Mimi nimetoka Tunduma, mpakani, nimeona malori ya Rhodesia. Hawa wameona mbuzi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Bondeni humo anakaa Mzee Fanueli, baba yake Nesta! Jembe langu la posa liko kwake tangu Pasaka, hajasema ndiyo wala hapana. Eti kwanza aone nina faida gani. Ataiona. Nitampelekea barabara mpaka mlangoni.

Jumanne, 3 Agosti.

Wenzangu wamekwenda kulitembea bonde, kama Mwalimu alivyoagiza. Mimi nimesema mguu unauma. Ya nini kuchafua viatu na ramani iko mezani? Nimechukua penseli nyekundu nikachora barabara moja kwa moja hadi kwa Mzee. Mstari ulikuwa mwembamba, hauna heshima. Nikaupitia tena, na tena, mpaka ukanenepa kama mkanda wa askari.

Jioni wamerudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Loisi akasema bonde lote lina chemchemi, barabara ingefaa ipite mgongoni mwa kilima, ambako hakuna shamba la mtu. Nikamwambia barabara isiyo na watu ni ya nyani. Lwitiko naye akataka kuupunguza mstari wangu. Thubutu! Nimemwapisha asiuguse hata upana wa unywele. Akasema sawa, hataugusa.

Kisha nimemwambia Mwalimu kwamba meza yote imekubaliana. Nao nimewaambia kwamba Mwalimu amekubali. Ushirikiano ni jambo jepesi sana.

Alhamisi, 5 Agosti.

Mwalimu amesema mpango haujawa mpango mpaka vigingi viingie ardhini, wenye mashamba wakitazama. Vizuri mno! Nimemtumia Mzee salamu avae koti. Suruali yangu nimeipiga pasi mwenyewe.

Ijumaa, 6 Agosti.

Siku ya laana. Mzee alikuwa kwenye kiti mbele ya nyumba, majirani wamejaa, Nesta kavaa gauni la kanisani. Mzee aliniita mwanangu. Mara mbili!

Lwitiko akaupima mstari wangu kwenye ramani, unene wake wote, kama nilivyomwapisha. Akauhamishia ardhini. Kigingi cha ukingo mmoja wa barabara kikaingia katikati ya mikahawa. Cha ukingo wa pili kikaenda ng'ambo ya nyumba, nyuma ya ghala la mahindi. Mzee akauliza magari yatapita wapi. Lwitiko akamjibu, kwa adabu zote, kwamba yatapita hapo alipokaa.

Nikaeleza kuwa penseli ilikuwa nene. Mzee akauliza kama mikahawa aliyoipanda na marehemu mkewe ing'olewe kwa ajili ya unene wa penseli. Nikasema maendeleo yana gharama, na tena niliahidi kuifikisha barabara mlangoni. Akasema mlangoni sawa, ila hii inapita kitandani kwake. Majirani wakacheka. Nesta akacheka kuliko wote, tena ndiye aliyechelewa kunyamaza. Tangu hapo Mzee ananiita kijana.

Loisi, kidomodomo, akatangaza kwamba meza ina watu watatu na wawili hawajasema. Wakang'oa vigingi, wakampandisha Mzee na majirani mgongoni mwa kilima, wakabishana huko, wakaelewana. Mimi nikaachwa kulinda nyundo.

Jumapili, 8 Agosti.

Jana mpango wetu ulisifiwa mbele ya darasa zima. Mwalimu anasema huo ndio ushirikiano. Jina langu lilisomwa la mwisho, kwa sauti ya chini.

Leo baada ya ibada akaja shangazi yake Nesta na jembe langu. Limeoshwa, likapakwa mafuta. Nimeumia. Nilimpenda Nesta, na nimelia nyuma ya choo cha kozi kama mtoto. Halafu nasikia Lwitiko amealikwa chakula kwa Mzee. Mla sukari kwa mizani!

Nimefikiri sana na nimeliona kosa. Kosa ni la Mzee. Nani alimwambia ajenge nyumba pale pale barabara inapotaka kupita?

Wiki ijayo meza yetu inapanga josho la ng'ombe. Huko Mlowo kuna binti mzuri, Roda, na baba yake ana shamba kubwa. Sijafika kwake, lakini ramani ninayo. Nimeshalichora josho karibu kabisa na jiko lake. Ng'ombe wote wa Mbozi watapita uani kwake kila wiki. Mkwe gani atakataa heshima hiyo?