Jenerali Kutu Arudishwa Utotoni

Benchi ni langu, hilo lieleweke mapema. Nililiweka nje ya kibanda changu cha viatu ili mteja apumzike wakati nashona soli yake. Mteja hajawahi kupata nafasi. Kila asubuhi linakaliwa na watu ambao viatu vyao ni vizima kabisa, wanakunywa kahawa na kuamua mambo ya dunia.

Asubuhi ya juzi habari ililetwa na Breki, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Tunamwita Breki kwa sababu ndicho kitu ambacho ulimi wake hauna. Alivuka barabara mbiombio, mikono imejaa grisi, simu kaishika kwa vidole viwili.

"Jenerali Kutu karudi," akasema.

"Si alikufa?" nikauliza, misumari ikiwa mdomoni.

"Alikufa. Nilimwona kwa macho yangu. Alitumbukia kwenye tangi la sabuni, ikabaki kofia tu inaelea. Mwanangu alilia, mimi nikaenda kunawa uso. Sasa wanatangaza hapa kwamba anarudi, ana miaka minane, kabeba begi mgongoni."

Kwa asiye na mtoto nyumbani, Jenerali Kutu ni yule mtu mbaya wa katuni ya Kikosi cha Mapovu, adui wa Kapteni Povu. Kazi yake ni kutia kutu kila kitu: madaraja, vijiko, baiskeli za mayatima. Na sauti yake ya Kiswahili ni ya mtu wetu, Ngurumo, mnadi wa nguo za mitumba pale sokoni, ambaye akisema "shati" watu wa mtaa wa tatu wanageuka. Miaka miwili sasa watoto wanamfuata njiani wakimwomba acheke lile cheko la Jenerali, na hajawahi kumnyima hata mmoja.

"Hajarudi," akasema Wakili, akipuliza kahawa yake. Wakili hakusoma sheria. Alifagia mahakama miaka kumi na moja, na anasema yaliyomwingia yalitosha. "Soma vizuri. Hii ni hadithi ya kabla. Wanatuonyesha walivyokuwa watoto, wote pamoja, kwenye kambi ya likizo ya kiangazi."

"Kabla ya kufa?"

"Kabla ya kila kitu."

"Sasa mimi nitaiangaliaje?" Breki akajibana kwenye ncha ya benchi. "Mtoto wa watu anakunywa maziwa yake kambini, anacheka na wenzake, na mimi nimekaa hapo najua kabisa kwamba huyu siku moja anaingia kwenye tangi. Si bora wanipe namba ya wazazi wake niwaonye?"

Dada Chumvi akatokea mlangoni mwa saluni yake, inayopakana na kibanda changu, kitana mkononi. Nyuma yake alisimama mteja aliyesukwa nusu kichwa, hakutaka kupitwa.

"Mimi nina swali moja tu," akasema Dada Chumvi. "Kapteni Povu na huyo Kutu, si walikutana mara ya kwanza juu ya paa la benki? Kapteni akasema, 'Wewe ni nani?' Nakumbuka, nilikuwa napiga pasi."

"Ni hapo hapo," Breki akakubali.

"Tangazo linaonyesha walilala hema moja likizo nzima. Mtu umelala naye hema moja, umemsikia anavyokoroma, halafu unamuuliza wewe ni nani?"

Wakili akaweka kikombe chini taratibu. "Hapo kuna mtu katoa ushahidi wa uongo."

"Na hiyo kambi yenyewe ni kitu gani?" nikauliza, maana benchi langu lilikuwa limeanza kugeuka mahakama.

Wakili akaeleza. Mzazi anampeleka mwanawe msituni. Mtoto analala chini, anaumwa na mbu, anaokota kuni, anachota maji mtoni, jioni anaimba.

"Kwa kosa gani?" akauliza Breki.

"Ni likizo."

"Mimi nimeokota kuni utoto wangu wote. Kumbe nilikuwa likizo na hakuna aliyeniambia."

Mteja wa nusu kichwa alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Tulikuwa bado tunacheka Ngurumo alipofika, na alifika kimya, jambo ambalo peke yake lilitosha kutushtua. Siku zote tunamsikia kabla hajatoka sokoni. Akanipa simu yake nisome kwa sauti.

Ujumbe ulitoka studio. "Kaka, tunakushukuru kwa kazi nzuri. Katika mfululizo mpya Jenerali ana miaka minane, kwa hiyo tunatafuta sauti ya mtoto. Ukipenda kujaribu na wewe, tutakupigia leo saa nne asubuhi."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Nampoteza Jenerali," akasema Ngurumo, kwa sauti ya chini, ambayo kwake ndiyo sauti ya watu wa kawaida. "Nyie chekeni tu. Binti yangu halali mpaka Jenerali amwamuru. Shuleni kwao amemwambia kila mtu. Nikinyang'anywa huyu, nabaki jitu lenye kelele, basi."

Cheko likatukauka. Niliona aibu kweli, nikatema misumari. Mtu umemzoea kwa makelele yake, hufikirii kwamba kuna kitu anakiogopa.

"Nusu saa inatosha," akasema Dada Chumvi. "Sema kitu cha kitoto."

Ngurumo akajiweka sawa, akafumba macho. "Naomba maziwa."

Ng'ambo ya barabara mbwa aliyekuwa amelala akaamka, akahama.

"Huyo hakuomba maziwa," akasema Wakili. "Huyo kateka ng'ombe."

"Tatizo anapumua," akasema Breki. "Mtoto hapumui. Akiamka ni halafu, halafu, halafu, mpaka jioni. Jaribu."

"Halafu nikaenda. Halafu nikaanguka. Halafu nikainuka."

"Ananadi," akasema Dada Chumvi. "Sasa hivi atataja saizi."

Wakili akasimama, mikono nyuma. Alisema kosa si la koo, kosa ni la mazingira. Mwili haujui kama uko kambini. Mtu apewe hema, alale chini, asikie msitu, sauti itakuja yenyewe. Sijui hilo alilifagia kutoka chumba gani cha mahakama, lakini tulikuwa hatuna lingine.

Ngurumo akakimbia kwao. Anaishi na mama yake, nyumba ya pili kutoka saluni. Akarudi na shuka jeupe lenye maua ya bluu, bado lina mikunjo ya pasi.

"Bi Mkubwa anajua?" nikauliza.

"Yuko kwa jirani. Litarudi kabla hajagundua."

Mtu ana miaka arobaini na moja, na aliyasema hayo kwa imani kabisa.

Tukajenga. Benchi langu likawa ukuta mmoja, baiskeli isiyo na magurudumu ya Breki ikawa ukuta wa pili, shuka juu. Chini ya benchi lilikuwepo kopo langu la rangi nyeusi ya viatu, tena wazi. Nakiri sasa. Siku ile sikukiri.

Ngurumo akaingia, miguu ikabaki nje kuanzia magotini. Breki akaingia naye, kwa sababu kambini hakuna anayelala peke yake. Dada Chumvi akaleta mashine ya kukaushia nywele, akaiwasha polepole, akasema hao ndio mbu. Wakili akawa mto: alimimina kahawa kutoka kikombe hadi kikombe. Mimi nikapewa watoto wengine wote, wanaopita kwa gwaride, nikawa nagonganisha soli mbili. Nina wajukuu wawili, na nilizigonga soli zile kwa moyo wangu wote. Mteja wa nusu kichwa akajitolea kuwa bundi bila kuombwa, na alikuwa bundi mzuri kuliko nilivyotarajia.

Simu ikaita. Ngurumo akaiweka kwenye spika.

"Habari za asubuhi, kaka," ikasema sauti ya dada mmoja mpole. "Uko tayari?"

"Tayari kabisa," akajibu Ngurumo, na shuka likatikisika.

"Hali ni hii. Kutu mdogo kaiba tochi ya mlezi wa kambi. Mlezi anamhoji, yeye anakataa. Anza."

Mbu wakalia, mto ukatiririka, watoto wangu wakapita.

"Mimi sikuchukua tochi," akasema Ngurumo. Alikana kama mtu anayetangaza vita.

"Asante. Tunaomba kidogo zaidi, yaani, mtoto."

Akabana pua. "Mimi sikuchukua tochi."

"Asante, kaka." Karatasi ikasikika ikifunuliwa. "Asante sana, kwa kweli."

Sote tunaijua asante ya namna hiyo. Dada Chumvi akazima mbu. Miguu ya Ngurumo, iliyokuwa nje ya hema, ikalegea, na mimi nikaziweka soli chini kwa sababu nilikosa cha kuzifanyia.

"Nani kachukua shuka langu?"

Haikuwa sauti ya simu. Bi Mkubwa ni mfupi, mwembamba, na mtaa mzima unampisha. Alisimama mbele ya benchi langu na vibanio viwili vya nguo mkononi.

"Nimeamka alfajiri nimelipiga pasi kwa ajili ya wageni. Nauliza, nani kachukua shuka langu?"

Wakili, mtetezi wa haki, akatazama ndani ya kikombe. Bundi akarudi saluni. Bi Mkubwa akainama, akashika ncha ya shuka, akalifunua. Katikati ya maua ya bluu palikuwa na kiganja cheusi, kizima, chenye vidole vyote vitano.

"Kidole," akasema.

Hatukujua. Miaka yote hiyo hatukujua kwamba jitu lile kwao linaitwa Kidole.

"Naam, mama."

Na ile sauti haikuwa ya mtu yeyote tunayemfahamu. Ilikuwa nyembamba, imekwama juu ya koo, tayari ina machozi.

"Ni wewe umechukua shuka langu?"

"Si mimi, mama, ni Breki, mimi nilimwambia asichukue halafu akachukua halafu nikamwambia tutagombezwa halafu akasema hatutagombezwa halafu mimi nikataka kurudisha halafu yeye akakataa."

Hakupumua hata mara moja. Breki, aliyekuwa ubavuni pake, alibaki mdomo wazi.

"Na hiyo mikono?"

Ngurumo akaificha mgongoni. "Ilikuwa hivi hivi tangu jana."

"Nitazame."

"Nakutazama, mama."

"Unatazama viatu."

"Jamani," ikasema simu kutoka chini. Tulikuwa tumeisahau kabisa. "Jamani, msiondoke hapo. Nimerekodi yote." Dada wa studio alikuwa anacheka mpaka maneno yanamkatika. "Kaka, huyo ndiye Kutu. Tumesikiliza watoto ishirini na hakuna hata mmoja aliyemsingizia mwenzake vizuri hivyo. Kazi ni yako."

Ngurumo akainuka na kila kitu, shuka, baiskeli na Breki, na cheko la Jenerali likamtoka kifuani, lile lenyewe, mpaka vioo vya saluni vikalia. Nikamkumbatia. Dada Chumvi akamkumbatia na mashine yake ya nywele. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimefurahi hivyo kwa jambo lisilonihusu.

"Punguza sauti," akasema mama yake.

Akapunguza.

"Na huyo mama ni nani?" simu ikauliza. "Mwezi mzima tunatafuta mlezi wa kambi. Mama, unanisikia? Utakubali kuja kufanya kazi na mwanao? Ni kumgombeza tu, Jumatatu mpaka Ijumaa."

Cheko lilikatika kwa Ngurumo likahamia kwetu. Bi Mkubwa akaichukua simu, akaishika mbali na uso wake, akasema nayo kama vile studio iko ng'ambo ya mto.

"Huko kwenu kuna bomba la maji?"

"Lipo, mama."

"Basi atakuja na hili shuka alifue huko huko. Na mimi nitakuja niangalie kama limetakata."

Ngurumo akamgeukia Breki, akanyoosha mkono wake mweusi. "Ndugu yangu, usinielewe vibaya. Ilikuwa kazi."

"Hukujua kama ni kazi. Simu ulishaisahau." Breki akarudi nyuma hatua mbili, akamkagua toka juu mpaka chini. "Tumelala hema moja, umeniuza mchana kweupe. Samahani, wewe ni nani?"

Wakili akaruka, kahawa ikamwagika. "Ndiyo hiyo. Juu ya paa. Kapteni alimjua vizuri sana, ila alikuwa kanuna. Hakuna aliyetoa ushahidi wa uongo. Kesi imefungwa."

"Kesi gani?" akauliza Bi Mkubwa, akatugeukia. Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka. "Watu wazima na ndevu zenu, mnacheza chini ya shuka saa nne asubuhi. Kila mtu kwao."

Breki akavuka barabara bila baiskeli yake. Wakili akaondoka na kikombe cha muuza kahawa. Dada Chumvi akaingia ndani akafunga mlango, na saluni yake hufungwa saa mbili usiku.

Mimi nilikuwa nimefika kona, nyundo bado mkononi, ndipo nilipokumbuka kwamba benchi ni langu. Nikageuka nirudi. Bi Mkubwa alikuwa bado amesimama pale pale, ameinua lile kopo la rangi, anasoma kilichoandikwa juu yake.

Nikaendelea kutembea.