Kitengo cha Kuzuia Nyumba za Ng'ambo

Kwa furaha kubwa na unyenyekevu unaostahili, naomba kuwatangazia wananchi wote wa nchi ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Siongiroi, kwamba hakuna mkulima hata mmoja aliyetapeliwa nyumba ng'ambo tangu Kitengo chetu kianzishwe. Ni kweli kwamba hata kabla hakijaanzishwa hakuna aliyetapeliwa. Lakini wakati huo ilikuwa bahati tu. Sasa ni sera.

Mimi ni Kepher Ogada, Katibu wa Kitengo cha Tahadhari ya Mali za Ng'ambo. Ofisi yetu iko Kericho mjini, juu ya duka la gambuti, viatu vya mpira vya shambani. Mkurugenzi wetu ni Bwana Johana Kipkurui, mtu mrefu, mpole sana kwa wakubwa wake, na mpole kiasi kwa wengine ikiwa kuna kamera.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa wananchi wenyewe. Walikataa kabisa kununua nyumba ng'ambo, kwa hiyo hatukuwa na wa kumkinga. Tulienda soko la Chepilat na kipaza sauti, tukawaonya vikali. Mzee mmoja aliyeshika mbuzi akauliza, "Hizo nyumba zinauzwa na nani?" Tulipokuwa tukiondoka, watu walikuwa wanakimbiza gari wakiomba namba ya simu ya wauzaji. Mkurugenzi aliripoti kwamba mwamko umepatikana.

Hatimaye akaja Dorcus Cherotich, mkulima wa chai wa upande huo huo wa Chepilat. Binti yake, Janeffer, ni muuguzi katika nchi moja ya baridi, na alikuwa na mimba ya kwanza.

"Chamgei, mkubwa," Dorcus alimsalimia Mkurugenzi kwa Kikipsigis. "Mimi nauliza tu. Msichana wangu anataka kununua nyumba kule anafanya kazi. Nimwambie anunue ama awache?"

Mkurugenzi alisimama. Akafunga mlango, kisha akaufungua tena ili watu waliokuwa kwenye ngazi waone akifanya kazi.

"Mama, unajua hatari ya nyumba ya ng'ambo?"

"Ndio nimekuja uniambie."

"Kwanza, sheria ya huko si sheria ya hapa. Pili, unaweza kupewa mkataba kwa lugha hujui, utie sahihi kama kondoo. Tatu, unaweza kuonyeshwa picha tu, na nyumba yenyewe haiko."

"Janeffer ameiona. Anapita hapo kila siku akienda kazi. Amelipa fundi aiangalie, akapata wakili. Sasa anataka na mimi nikaione. Viza nimepewa."

"Hiyo ndiyo hatari ya nne," Mkurugenzi alisema. "Mazoea."

Akaomba kuiona pasipoti. Dorcus akaitoa kwenye mfuko wa plastiki. Mkurugenzi akaitazama, akaisifu picha, akaifungia ndani ya kabati la chuma.

"Pasipoti ikiwa mkononi mwa mwananchi," alinieleza baadaye, "ndiyo chanzo cha nyumba za ng'ambo. Bila pasipoti hakuna safari. Bila safari hakuna nyumba." Nilikuwa na shahada, lakini sikuwahi kulifikiria jambo kwa kina namna hiyo.

Dorcus akawa anakuja, anakaa kwenye benchi la koridoni, anaambiwa faili inasonga. Siku moja nilimkuta amesimama dirishani, simu ameiinua kutafuta mtandao. Janeffer alikuwa amejifungua. Nyumba alikuwa ameshanunua, bila ruhusa yetu.

"Mtoto ako na pua ya marehemu babu yake," Dorcus aliniambia, akipangusa kioo cha simu kwa kitambaa cha kichwa. "Anaosha mtoto peke yake, Ogada. Hana mtu. Kwani wewe huna mama?"

Nilimpa hongera kwa niaba ya Kitengo, na nikamwomba swali lake kuhusu mama yangu alilete kwa maandishi.

Ndipo yakatangazwa maonyesho ya nyumba za ng'ambo katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Mkurugenzi aliamua kwenda kukusanya ushahidi. Nilienda naye ili nibebe mkoba.

"Hapa nimeingia kama mpelelezi," alininong'oneza mlangoni. "Usiseme jina langu."

Katikati ya ukumbi kulikuwa na kisanduku cha vioo, na ndani yake jengo dogo jeupe, Mnara wa Lulu, lenye minazi kama njiti za kiberiti na gari jekundu mlangoni. Mkurugenzi aliinama hadi pumzi yake ikapaka ukungu kwenye kioo. Muuzaji, kijana wa suti iliyombana, akamletea juisi.

"Mheshimiwa, hapa ndipo viongozi wenzako wote wananunua."

"Umejuaje mimi ni mheshimiwa?"

"Inaonekana tu ukisimama."

Upelelezi uliishia hapo. Mkurugenzi aliuliza mkataba umeandikwa kwa lugha gani. Kijana akasema ni lugha ya huko, na kwamba wateja wake wakubwa hawasomi, wana watu wa kuwasomea. Mkurugenzi akanitazama. Mimi najua Kiluo, Kiswahili, Kiingereza na Kikipsigis cha kununulia maziwa.

"Tumesoma," Mkurugenzi alisema, akatia sahihi.

Ili kulipa, aliuza shamba la chai alilorithi kwa baba yake. Sheria inataka mke akubali, kwa hiyo Phelis, mkewe, akaitwa mbele ya bodi ya ardhi. Ni mwanamke wa maneno machache. Alisema anakubali, lakini kile kipande chenye nyumba, ng'ombe na mtambo wa maji kikatwe, kiandikwe jina lake.

"Mpeni!" Mkurugenzi alicheka hadi akashika meza. "Mpeni na kuku! Mimi nitakuwa naamka naona bahari."

Kiangazi kilipofika tulisafiri kwenda kuikagua Lulu. Nchi yenyewe siitaji kwa sababu za kidiplomasia. Ofisi ya muuzaji tuliikuta imekuwa duka la mazulia. Mkurugenzi hakushtuka, alisema kampuni zinazokua huhama. Tukakodi mashua.

Mwenye mashua alituendesha mpaka pwani ikawa mstari, akazima injini.

"Ni ile?" Mkurugenzi aliuliza kwa Kiingereza, akionyesha nguzo za mbali.

"Ile ni gati ya mafuta."

"Basi ni gani?"

Mwenye mashua alielekeza kwa kidevu. Kulikuwa na pipa la manjano likielea, na juu yake ndege amelala kwa mguu mmoja.

"Chini ya ndege."

Kwenye kituo cha polisi, ofisa alisoma mkataba, akamwita mwenzake asome pia. Walikuwa na adabu; walitoka nje kucheka. Waliporudi, walitufafanulia kwamba Mkurugenzi hakuwa amenunua nyumba. Alikuwa amenunua haki ya kuambiwa bei ya nyumba, siku itakapojengwa.

Ndani ya ndege hakula. Alibandika paji la uso dirishani, akitazama chini.

"Ogada," aliuliza, "ile chai ya kule chini kwa mto, unafikiri wamechuma?"

Nilimkumbusha kwamba shamba lina mwenyewe mwingine. Akajifunika blanketi la ndege hadi kichwani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilijifanya nasoma maelekezo ya kuvaa koti la kuokolea maisha.

Nyumbani, Phelis alimkaribisha vizuri sana. Alimpa chumba cha wageni.

Habari zikafika juu, na kamati ya nidhamu ikaja Kericho na magari yake. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Jairus Ombui, mwenye sauti ya kuamuru hata akiomba chumvi. Kanuni zilitaka mwananchi mmoja awepo ili kikao kiwe cha uwazi. Nikamchukua Dorcus kutoka kwenye benchi, nikampa kiti karibu na mlango.

"Bwana Kipkurui," Mwenyekiti alianza, "umetia serikali aibu. Mtu wa kuonya wengine, unauziwa hewa! Kwanza hiyo nyumba inaitwaje?"

"Mnara wa Lulu, mheshimiwa."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Lulu hii… ya baharini?"

"Hiyo hiyo."

"Orofa ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Lakini mimi waliniambia ya tisa imejaa!" mjumbe mmoja wa dirishani alifoka, kisha akajiziba mdomo.

Halafu mjumbe mwingine akakohoa, akataja ya kumi na mbili. Aliyekuwa karibu naye alikuwa na mbili, moja ya mke na moja ambayo hakutaka kuieleza. Wote wakamgeukia Mwenyekiti.

"Mimi niko juu kabisa," alisema, kwa mazoea, kama anayejisifu. "Penye bwawa la kuogelea."

Mkurugenzi alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza tangu arudi. Ajenda ya nidhamu iliachwa. Wakaanza kuulizana kwa sauti za chini kama kuna aliyepata risiti, na kama wakili anaweza kufungua kesi bila majina kutajwa. Kisha Mwenyekiti akamkumbuka Dorcus.

"Mama, nasikia una binti ng'ambo. Hawezi kupita hapo atuangalilie kidogo?"

"Hiyo ni nchi ingine, mkubwa. Yake iko kwa baridi, yenu iko kwa maji. Na ako na mtoto mchanga. Mimi ndio wa kumsaidia, na pasipoti yangu mumefungia kwa kabati."

Mwenyekiti aliniamuru nifungue. Nilifungua haraka kuliko nilivyowahi kufungua chochote katika ofisi ile. Dorcus akafunua kurasa moja moja, akaona viza bado ina uhai, akaitia kifuani. Alisimama, akafunga vizuri leso yake. Mlangoni akageuka.

"Na ile orofa ya chini kabisa," aliuliza, "nani alinunua?"

Waheshimiwa wakatazamana. Hakuna aliyeinua mkono.

"Sasa hizo zenu zimekalia nini?"

Akashuka ngazi. Mwenyekiti akaomba maji ya kunywa, na hakuna aliyeinuka kumletea.