Yah: Ombi la Kuendelea Kufundisha kwa Simu Nikiwa Darasani

Ndugu Mkuu wa Chuo, Mwalimu Safia Lukman,

Shikamoo. Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kwa kweli kinanihusu mimi kuliko mtu yeyote hapa chuoni.

Muhula mzima uliopita, mafundi walipokuwa wakiezeka upya madarasa, ulituagiza tufundishe kwa simu. Nilinung'unika siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba sijawahi kufundisha kwa amani namna ile tangu niajiriwe. Sasa paa limekamilika, mabati yanang'aa hadi Buzuruga, nasi tumerudishwa darasani kana kwamba hatukujifunza kitu. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwenye simu niliandika somo na kulituma kwenye kundi siku moja kabla. Wanachuo wanaovuka Kamanga walilisoma ndani ya kivuko, wakaingia kipindini na maswali tayari. Siku hizi wanaingia na miayo. Hili peke yake lingetosha, ila nina mengine.

2. Simu ilikuwa na kitufe cha kunyamazisha. Wanachuo sitini na wawili niliwatuliza kwa kidole kimoja. Naomba fundi umeme atufungie kitufe hicho darasani, hata kama kitanyamazisha safu ya nyuma tu, anakokaa Nurdin.

3. Nilipoulizwa swali gumu, mtandao ulikatika. Si kila mara niliukata mimi. Darasani mkufunzi hana pa kukatikia, anabaki amesimama na chaki yake. Naomba mlango mdogo nyuma ya ubao.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, na herufi r haijawahi kuelewana na ulimi wangu. Kwa maandishi naiweka mahali pake bila shida, na muhula mzima wa simu hakuna aliyenicheka. Wiki mbili zilizopita nikatangaza kwa mdomo kwamba Ijumaa kutakuwa na kura ya kumchagua kiongozi wa darasa. Nilikusudia kura, ulimi ukatoa kula. Ijumaa wakaja wote na sahani na vijiko. Nurdin alikuja na sufuria. Nimefundisha miaka kumi na tisa, Mwalimu Safia, na siku ile niliumia. Nilikwenda ofisini nikajifungia hadi kengele ya mwisho.

5. Hivyo basi, naomba wanachuo wakae darasani, mimi nikae ofisini, na somo niwatumie kwa maandishi ng'ambo ya ukuta. Mahudhurio yatakuwa kamili pande zote mbili. Ukuta mmoja ukionekana ni karibu mno, niko tayari kuhamia Busisi, ng'ambo ya ziwa, na kuwafundisha kutoka huko, kwa nauli yangu.

Nisalimie Makamu wako, walinzi wa getini, Mama Dorotea wa kantini, na wale mafundi wa paa. Waambie kama walisahau nyundo huko juu ya paa, waje kuichukua taratibu, hata kwa muhula mzima.

Wako mtiifu, aandikaye vizuri kuliko asemavyo,

Luhende Mihayo
Mkufunzi, Mbinu za Kufundishia

N.B. Tafadhali shughulikia namba moja pekee. Nyingine zote nazifuta. Sikuwa nimeifunga bahasha bado, na sasa hivi natoka kipindini. Kuna mwanachuo aitwaye Kashindye, wa Sengerema ndani. Muhula wote wa simu hakuandika hata neno moja kwenye kundi, nikadhani ameacha chuo. Leo amesimama mbele ya wenzake sitini na mmoja akasema, "Mwalimu, hapo sijaelewa. Naomba ludia." Nurdin akaangua kicheko. Kashindye akamgeukia: "Kwani mwalimu mwenyewe anaongeaje? Mbona ndiye anayetufundisha?" Darasa likanyamaza bila kitufe, wote wakanitazama mimi.

Nikaludia, mwanzo hadi mwisho.