Mwenyekiti wa Maombi na Dozi ya Mtoto

Jumatatu, 4 Machi
Mtihani wa dozi Alhamisi. Sijui kitu! Si kosa langu. Mwenyekiti wa maombi wa chuo kizima cha uuguzi atapata wapi muda wa hesabu? Nimefunga. Mchana njaa ikanizidi, nikafungua. Mungu huangalia nia.

Mwenzangu wa chumbani tunamwita Mpagani. Hasali, anakokotoa tu. Nimemwomba siku ya mtihani aegemee pembeni kidogo, nione karatasi yake. Kakataa! Nikamuuliza, mtu asiyeogopa moto anaogopa nini kuibia? Akajibu bila kuinua kichwa kwamba mdogo wake wa kike alichomwa sindano ya dozi ya mtu mzima. Nikamwambia nitamwombea. Hata asante hakusema. Roho ngumu.

Alhamisi, 7 Machi
Muujiza! Nimepangiwa kiti nyuma yake, upande kidogo. Kufumba macho kungekuwa kukufuru. Nimenakili majibu yote. Alipokata jibu, nami nikakata.

Ijumaa, 8 Machi
Tumeitwa kwa mkuu wa chuo. Karatasi zetu kama mapacha. Nani kamwangalia mwenzake? Nilikusudia kusema kweli, haki ya Mungu. Mdomo ukatangulia: “Niibie, na hofu ya Mungu niliyo nayo?”

Mpagani akasema neno moja tu, nipewe swali nilikokotoe palepale. Jasho! Nikafumba macho, nikaanza zaburi kwa sauti. Mkuu akasema hakuna haja, imani yangu inajulikana, ila huyu mwingine hajulikani anaamini nini.

Kafukuzwa.

Jumamosi, 9 Machi
Mama yake amekuja kumchukua. Mama mnyonge, kanga imefifia, viatu vya kuazima. Kaambiwa mimi ni mtu wa maombi, akanishika mikono miwili, akasema, “Mwanangu, niombee huyu nduguyo aache wizi.” Ningefanyaje? Nikaomba. Nikaomba kwa kirefu, mama akalia. Mpagani alisimama mlangoni na godoro lake begani mpaka nikasema amina. Hakunitazama. Alisema tu, “Mama, twende.”

Sikula. Labda ni malaria.

Jumatatu, 11 Machi
Mazoezi, wodi ya watoto. Muuguzi mkuu akanikabidhi bomba la sindano, akaniuliza nitavuta dawa kiasi gani kwa kichanga kile. Mama wa mtoto ananikodolea macho. Nikafumba yangu, nikasali, nikavuta. Muuguzi akanipokonya bomba. Akasema ningeua. Mama yule akamkumbatia mwanawe, akarudi nyuma hadi ukutani, kama ameona nyoka.

Nimetolewa wodini, naosha mabeseni. Shetani anaipiga vita huduma yangu!

Jioni kahamia mwenzangu mpya wa chumbani. Mpole, kichwa chepesi, mwandiko mkubwa unaosomeka hata kwa mbali. Mungu hamtupi mja wake.