Konserve za Papa Edmond

Edmond alimwona Mama Philomène akimwaga karai zima la mananasi yaliyooza juu ya mawe ya volkano, moyo wake ukacheza. Waasi walikuwa wamefunga barabara, matunda yamejaa mtaa wa Murara bila wanunuzi, na watu bado wanaogopa mlima usije ukatapika tena. Alipangusa viatu vyake vya ngozi ya mamba, kitu pekee alichookoa siku moto uliposhuka mjini (wengine waliokoa watoto, kila mutu na mapenzi yake), akasogea.

"Mama, unatupa mali! Matunda inawekwa ndani ya bokali ya kioo yenye mufuniko, unaila hata mwaka kesho. Mimi nilijifunza konserve Bukavu, kwa masista."

"Kwa masista? Wewe mwanaume?"

"Nilikuwa mupishi wao."

Masista hao, Mungu awabariki, hawakuwahi kumwona.

Masharti yalikuwa mepesi: kila mama alete matunda, bokali na sukari. Edmond atapika peke yake, mlango umefungwa, kisha bokali zipumzike mpaka mwisho wa mwezi. Ukifungua mapema, yote inaharibika. Kufikia hapo yeye na sukari watakuwa Bunagana, wakivuka mpaka wa Uganda kwa amani.

Philomène alileta nusu gunia la sukari, akalishika bado hata alipokuwa analitoa.

"Hii ni ya ndoa ya mutoto wangu Umuhire. Wakwe wanakuja mwisho wa mwezi. Ikipotea, Papa Edmond, nitaficha uso wapi?"

"Mama, mimi ni mukristo."

Mkristo huyo aliona makaa ni ghali. Alishindilia matunda mabichi kwenye bokali, akaongeza maji, akakaza vifuniko, akazipanga kwenye rafu juu ya kitanda. Sukari yote ikalala chini ya kitanda.

Kesho yake Philomène alisimama mlangoni, akainua macho kwenye bati.

"Sioni moshi."

"Ni moto ya kisasa, mama. Haitoe moshi."

"Kumbe!"

Alienda zake. Jioni akarudi na bokali kubwa kubwa za fraise, yale matunda madogo mekundu, amekwisha kuzifunga mwenyewe. "Uziweke pamoja na zingine, mwalimu," alisema kwa heshima zote. Edmond alizipokea kwa mikono miwili, akazipanga juu ya kitanda. Mjinga anayejiongezea mzigo, utamkataza?

Siku ya safari, akingojea lori la magendo linalojua kuwalipa waasi, alivua viatu akajinyoosha kitandani. Jua la mchana lilikuwa linachoma bati.

Pa! Pa-pa! Kitu cha uvuguvugu kikamrukia kifuani. Akafumbua macho: shati lote jekundu.

"Mama yangu, wameniua!"

"Vita imeingia!" Philomène alipiga kelele nje, karibu sana na dirisha. "Kimbieni!"

Edmond hakuuliza vita ya nani. Alikimbia peku juu ya mawe ya volkano, yale makali yanayokula hata matairi, mpaka karibu na kizuizi cha mpakani Gisenyi. Hapo akageuka. Hakuna aliyemfuata. Mama mmoja muuza mandazi alikuwa anamtazama kwa huruma. Edmond akagusa kidonda chake, akalamba kidole. Tamu. Tena ilikuwa na ladha ya kasiksi, pombe ya ndizi.

Aibu ilimzuia kurudi, lakini njaa haina aibu. Siku ya ndoa alichechemea mpaka uani kwa Philomène, vitambaa miguuni. Mama mwenyewe alimpokea, akaonja kwanza pombe kama desturi inavyotaka, kisha akampa kibuyu.

"Kunywa, mwalimu. Ndani ya bokali zangu nilitia machicha ya kasiksi. Mwanamuke wa hapa hawezi kusahau inavyopasua chombo kilichofungwa."

"Na sukari?"

"Kila mama alichukua yake."

Ngoma ikanyamaza. Muzee Ntirenganya, baba wa bibi harusi, alisimama kuwapokea wakwe, miguuni viatu vya ngozi ya mamba vinang'aa.

"Vinanibana kidogo," alisema muzee, "lakini mwalimu ametupa zawadi kwa moyo wote. Tumupigie makofi!"

Uwanja wote ukamgeukia. Edmond akainama, akatabasamu, akapiga makofi pamoja nao.